Farasi Mia wa Pwani

Morogoro, mji unaoupita ukitoka pwani kwenda Dodoma, ndiko kampuni ya Airplanes Africa Limited ilikoanza kuunganisha ndege ndogo za Skyleader za viti viwili. Habari hiyo iliwatoa wengi macho. Rubani kijana wa kisa hiki ni wa kutunga, ingawa wa aina yake wapo. Naye aliomba kuingia karakana ya namna hiyo aone injini kwa karibu.

Akaonyeshwa Rotax 912 ULS, inayotengenezwa Austria: cc 1,352, ndogo kuliko ya Toyota Noah. Fundi mkuu alihakikisha swichi zimezimwa, akazungusha pangaboi kwa mkono, taratibu, upande mmoja tu, mpaka tanki la oili likakoroma. "Sasa ndiyo unapima oili," akasema. Kabla ya mkoromo huo kijiti kinadanganya, maana oili nyingine bado imelala chini ya injini.

Kijana akauliza nguvu.

"Farasi mia, mdogo wangu. Lakini ni mia ya usawa wa bahari, na kwa dakika tano tu, mizunguko 5,800. Ukipanda nayo Dodoma, anza kutoa."

Akaondoka na ile mia. Habari ya kutoa aliiacha getini.

Uwanda wa kati unadai chake. Kiwanja cha Dodoma kiko takriban mita 1,120 juu ya bahari, na Kondoa ni juu zaidi. Hewa ya huko ni nyepesi, na jua la Oktoba linazidi kuipanua. Injini isiyo na turbo huvuta hewa pungufu, ikachoma petroli pungufu; pangaboi na mabawa navyo hukosa cha kushika. Mchana wa nyuzi 30, kwenye kiwanja cha mita 1,400, ile mia hushuka hadi karibu na 80.

Siku moja kijana alitua upande wa Kondoa kuchukua asali, madumu matatu ya lita ishirini. Mzee mwenye mzigo alimshauri alale, aondoke alfajiri. "Shikamoo mzee, nina miadi mjini," ndiyo ikawa shukrani. Akahesabu kilo 60, kana kwamba asali ni maji. Dumu la asali hukaribia kilo 28, na mizani ilikuwepo dukani kwa mzee huyohuyo.

Saa nane mchana akaondoka. Ndege ilikimbia, ikainuka kidogo mwisho wa kiwanja, ikakataa kupanda, ikaangukia shamba la mtama. Ndege iliharibika, mguu wa kijana ukavunjika. Injini ilipofunguliwa haikukutwa na kosa lolote.

Wewe unayeruka kutoka uwanda huu, soma jedwali la joto na mwinuko kabla ya kuwasha, pima mzigo kwenye mizani, na ukiwa mzito ondoka saa kumi na mbili asubuhi.