Je, Kuhesabu ni Kutoaminiana?

Swali hili niliulizwa na mama mmoja hapa kisiwani Mafia, wala sikuweza kumjibu siku ile. Nalimwambia, "Nipe muda, mama yangu." Sasa najaribu kumjibu, na kwa kuwa jambo lenyewe lawahusu wengi, nimeona vema niliandike.

Chanzo chake ni hiki. Katika kijiji kimoja cha kisiwa chetu, akina mama wapatao 20 walikuwa na kikundi cha kuweka na kukopa. Vikundi vya namna hii vilianza Niger mwaka 1991, navyo vimeenea Afrika nzima. Fedha zao zatoka katika mwani, pweza na mikeka. Walikuwa na kisanduku chenye kufuli tatu, na funguo zake zilishikwa na watu watatu, ili mtu asiweze kukifungua peke yake. Hata mwisho wa mwaka, walipokifungua wagawane, fedha hazikutimia kama walivyotazamia. Hakuna aliyetaja wizi. Lakini mwajua jinsi tunavyosema bila kusema. Mweka hazina alipofika kisimani, mazungumzo yalikatika. Mwezi haukwisha, akajitoa katika kikundi.

Nilipoitwa kulitazama daftari lake, nalikuta mwandiko safi, wala hapakupotea hata shilingi moja. Kosa lilikuwa kwingine. Tuchukue mkopo mmoja uwe mfano: shilingi 120,000, za kulipwa kwa miezi 6, kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi. Wanachama walihesabu hivi: asilimia 10 ya 120,000 ni 12,000, mara sita ni 72,000. Basi walizingoja 72,000. Mweka hazina alihesabu vingine. Mkopaji hurudisha 20,000 kila mwezi, kwa hiyo deni lapungua, naye alitoza riba juu ya deni lililobaki tu. Mwezi wa kwanza 12,000, wa pili 10,000, kisha 8,000, 6,000, 4,000, na wa mwisho 2,000. Jumla yake ni 42,000. Tofauti ni shilingi 30,000, na huo ni mkopo mmoja tu kati ya mingi. Katiba ya kikundi ilisema "asilimia 10 kwa mwezi", lakini haikueleza ni ya deni lipi. Kila upande ulikuwa na haki yake, na kwa neno hilo moja lisilofafanuliwa, heshima ya mtu ilizama.

Nikawauliza, "Mbona mwaka mzima hakuna hata mmoja wenu aliyeirudia hesabu hii?" Ndipo mama mmoja, mtu mzima kuliko wengine, akanijibu, "Mwalimu, mwanangu, yule ni mwenzetu. Kumhesabia mbele ya macho yake si kumwambia kwamba hatumwamini? Kuhesabu si kutoaminiana?"

Jawabu hilo lina adabu ndani yake, nami sipendi kulidharau. Jirani akikopa kibaba cha mchele na kukirudisha, hatukipimi tena mbele yake. Ndivyo tulivyolelewa. Lakini tazameni yaliyotukia. Walimwamini bila kuhesabu, kisha wakamshuku bila kuhesabu. Imani yao na shaka yao zilitoka mahali pamoja, nako ni kutojua. Lau wawili kati yao wangaliweza kuipiga hesabu ile, shaka ingalikufa kwa saa moja. Twadhani kwamba hesabu ni ngao dhidi ya mwizi tu. Mimi naona mwenye kuihitaji zaidi ni mtu mwaminifu, kwani mwaminifu ambaye hakuna awezaye kuikagua kazi yake hana shahidi. Akisema, "Sikuchukua," lililobaki ni uso wake tu. Kufuli tatu zililinda fedha. Jina lake halikuwa na mlinzi. Sisi Wakristo twafundishwa kuichukia mizani ya uongo, lakini asiyeweza kuisoma mizani ataitambuaje ya uongo na ya haki? Yamkini ataishutumu ile ya haki.

Kwa hiyo nasema kwamba kumwachia mwenzako hesabu yote si kumheshimu. Ni kumtwika mzigo wa watu ishirini, kisha kumlaumu akichechemea.

Mama yule akaniambia tena, "Haya, mwalimu, lakini mimi hesabu zimenitoka." Maana alikuwa amepata kuzijua! Wengi wa rika lake walijifunza. Mwaka 1964 Mwalimu Nyerere alisema kwamba watu wazima ndio wa kuelimishwa kwanza, kwa sababu matunda ya elimu ya watoto hungojewa miaka mingi. Mwaka 1970 ukafanywa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, kisha zikachaguliwa wilaya 6 ambamo ujinga wa kutojua kusoma ulitakiwa uondolewe kabla ya kwisha mwaka 1971. Nazo ni Dar es Salaam, Kilimanjaro, Masasi, Pangani, Ukerewe, na Mafia yetu. Na kusoma hakukutengwa na hesabu: mtu aliyefikia hatua ya juu alipaswa kuweza kuandika mapato na matumizi yake. Mama huyu alikuwa msichana wakati ule, naye asema alijua kuzidisha na kugawanya. Lakini baadaye hakupata la kuzidisha kwenye karatasi, na elimu isiyotumiwa huondoka kama maji katika ngalawa iliyovutwa pwani.

"Sasa mimi mzee," akasema, "na samaki hukunjwa angali mbichi."

Methali hiyo imewazuia watu wengi kuliko umri wenyewe. Mwanadamu si samaki. Na kama ni samaki, basi hata ng'onda aliyekauka juani akirowekwa hulainika, na kila mpishi wa kisiwani alijua hilo.

Nikamwuliza, "Mama, mkeka wa mikono 5, wenye safu 12 za ukili, wahitaji ukili kiasi gani?" Akajibu kabla sijafunga kinywa, "Pima 15." Yaani mikono 60, na kila pima ni mikono 4. Amezidisha na kugawanya kwa pumzi moja, naye asema hesabu zimemtoka! Wavuvi nao ni vivyo hivyo. Mtu asiyeshika kalamu hujua siku za bamvua na za maji mafu, na hujua kwamba maji ya leo yatachelewa kesho kama dakika 50. Hesabu hawakuzipoteza. Zimekaa mikononi, zangoja kupelekwa kwenye daftari.

Basi tuliketi mkekani na simbi 12. Kila simbi ni shilingi elfu kumi, na kila simbi huzaa elfu moja kwa mwezi maadamu imo mkononi mwa mkopaji. Hiyo ndiyo asilimia 10, kama senti 10 katika kila shilingi. Senti zimetoka mikononi mwetu, lakini wazee wanazikumbuka. Mwezi wa kwanza simbi 12 zazaa 12,000. Ondoa mbili. Zilizobaki 10 zazaa 10,000. Alipofika simbi nne alinyamaza, akaziangalia, kisha akasema, "Kumbe alituonea huruma."

Mtu atasema kwamba siku hizi simu zahesabu. Ndiyo, lakini simu hujibu lile uliloliuliza. Ukiiuliza 12,000 mara sita itakujibu 72,000 bila kosa lolote, wala haitakuuliza, "Deni zima, au lililobaki?" Nami sijitoi katika lawama hii. Tangu nilipozoea simu, siku moja ilinizimikia sokoni Kilindoni, nikashindwa kuitafuta bei ya kilo mbili na robo ya samaki. Nikatoa noti kubwa nirudishiwe chenji, mtu asijue. Mwalimu mzima! Aibu hiyo ndiyo hutufanya tujifiche badala ya kuuliza, nayo huwashika zaidi wale waliopata kujua kuliko wale ambao hawakujua kamwe.

Mweka hazina yule hakurudi kikundini. Wenzake walimwendea nyumbani wakamtaka radhi. Aliwapokea vizuri, akawaandalia chai, ila kazi ya daftari aliikataa. Sasa lashikwa na mwingine. Katika katiba wameongeza maneno "juu ya deni lililobaki", na kila mwisho wa mwezi wanachama wanne huketi chini ya mwembe, kila mmoja na karatasi yake, wakaipiga hesabu ile ile bila kutazamiana. Zisipolingana, huanza tena.