Nani Abebwe Kwanza?

Mabela ni mtaa mpana wa wilaya ya Sib, magharibi ya Maskati, na al-Khoudh yenye hospitali ya majeshi iko jirani yake. Katika nyumba za huko wamo wazee waliozaliwa Unguja, Pemba na Mombasa, ambao Kiswahili hakijawatoka mdomoni. Baadhi ya wenzao waliorejea Omani baada ya 1970 waliingia jeshini, polisi na hospitalini. Vita vya Dhofar, vilivyodumu tangu 1965 hadi 1975, kwa watu kama hao si habari ya mbali, na vinaleta swali ambalo vitabu vya tiba ya kijeshi hulijibu kwa haraka mno: majeruhi kumi wamelala chini na helikopta ina nafasi ya wanne; nani abebwe kwanza?

Utaratibu wenyewe si mgumu kueleza. Askari aliyejeruhiwa hufungwa jeraha palepale, na mwenzake au na tabibu wa kikosi, maana damu haingoji daktari. Hupelekwa kituo cha karibu kilicho nyuma kidogo ya mapigano, kisha penye chumba cha upasuaji chini ya hema, kisha hospitali kubwa, na akihitaji matibabu ya muda mrefu hurudishwa kwao. Kila ngazi hufanya yale tu yasiyoweza kungoja ngazi inayofuata. Ndiyo maana daktari wa mbele huacha kwa makusudi kazi ambayo angeiweza: akikaa saa tatu na mguu wa mmoja, wawili watakata roho mlangoni.

Hapo ndipo ufundi unapogeuka kuwa maadili. Jeshi lina sababu yake ya kuwa na madaktari, na sababu hiyo haikuwa huruma peke yake: askari aliyepona ni bunduki iliyorudi mstarini. Kwa hesabu hiyo, mwenye jeraha dogo angestahili kutangulia, kwa kuwa atasimama kesho. Dominique-Jean Larrey, mpasuaji wa majeshi ya Napoleon, alishika njia nyingine. Aliwapeleka matabibu na magari mepesi ya farasi hadi karibu na mapigano, na akataka aliyeumia zaidi atangulie, awe na cheo asiwe nacho. Mkataba wa kwanza wa Geneva wa 1949 umeliandika jambo hilo kuwa sheria: sababu za dharura za kitabibu peke yake ndizo zinazoruhusu mmoja kutangulizwa mbele ya mwingine, na adui aliyeanguka anaingia katika hesabu hiyohiyo. Sheria nzuri. Lakini sheria haina macho. Anayetazama ni mtu aliyechoka, ambaye mmoja wa majeruhi ni rafiki yake na mwingine dakika chache zilizopita alikuwa akimlenga bunduki.

Tarehe 19 Julai 1972 wapiganaji wa mrengo wa kushoto waliushambulia mji wa Mirbat, ulio kiasi cha kilomita 70 mashariki ya Salala. Ulikuwa msimu wa khareef, mawingu yametanda chini, ndege zinapata taabu kuruka. Helikopta iliyokuja kuchukua majeruhi ilizuiwa na risasi kutua. Salala kulikuwa na kikosi kidogo cha upasuaji cha Waingereza, na miongoni mwa majeruhi waliofikishwa huko walikuwamo wa upande wa pili. Kumpasua adui ili apone si jambo la hisia. Ni mazoea yaliyojengwa kabla ya siku yenyewe, kwa kuwa siku ya damu hakuna nafasi ya kuyafikiri.

Hata hivyo, kanuni ya Larrey ina upungufu ambao mfano wa Mirbat hauonyeshi. Inapanga waliokwisha kuingia katika foleni. Haisemi nani aruhusiwe kuingia. Kwa hilo mtu wa Mabela hana haja ya kutafuta mfano mbali na nchi walikozaliwa wazee wake. Katika vita vya 1914 hadi 1918 Afrika Mashariki, pale ambapo mbung'o waliua farasi na nyumbu na barabara hazikuwapo, mzigo wote ulikwenda kichwani mwa watu: risasi, unga, dawa, na machela yenye askari aliyejeruhiwa. Upande wa Waingereza peke yake wapagazi walifikia laki kadhaa, wengi wakichukuliwa kwa nguvu, na waliokufa hukadiriwa kuwa zaidi ya 95,000. Waliouawa kwa risasi walikuwa wachache. Waliobaki waliuawa na kuhara damu, kichomi, malaria na chakula ambacho matumbo yao hayakukizoea, mara nyingi unga usioiva. Hospitali za wapagazi zilikuwapo, na wako maofisa waliopigania wapewe blanketi, wapishi na uji uliopikwa vizuri. Lakini mara nyingi hayo yalikuja baada ya makaburi kuwa mengi.

Tazama basi mnyororo wenyewe. Mpagazi alikuwa kiungo chake, maana bila mabega yake askari asingefika kwenye hema la daktari. Yeye alipoanguka njiani kwa kuhara, hapakuwa na daima mtu wa kumbeba. Hakuna daktari aliyevunja kanuni. Kanuni haikumwona, kwa sababu kwenye daftari alihesabiwa pamoja na vyombo vya usafiri.

Huenda mtu akajibu kuwa hayo ni ya ukoloni na yamepita. Yamepita kwa jina. Majeshi ya leo yana madereva wa malori, wapishi na mafundi wa kandarasi, wengi wao watu wa nchi maskini, na swali la helikopta ipi itamfuata dereva aliyelipuliwa barabarani hujibiwa katika karatasi ya mkataba kabla ya kujibiwa na tabibu. Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kuwa zaidi ya laki moja ya waliokufa, wengi wakiwa wa Afrika Mashariki na Misri, hawakupewa kumbukumbu kwa majina. Dar es Salaam wamebaki na Kariakoo, jina lililotokana na kambi ya wapagazi hao, na leo watu huenda hapo kununua samaki na vitambaa.