Nati Kumi na Mbili

Kutoa kiti kwenye Hiace yangu ni kazi ya watu wawili. Mmoja anapiga magoti ndani na spana namba 14, anakamata kichwa cha bolti. Mwingine analala chali uvunguni, anakamata nati. Viti vilivyokuja na gari kutoka Japani viling'olewa zamani, lilipogeuzwa kuwa la abiria. Hivi vya sasa viliundwa na fundi wa kuchomelea kwa mabomba ya mraba. Akatoboa sakafu, akapitisha bolti mpaka chini. Kwa hiyo wa juu hamwoni wa chini. Mnaelewana kwa kugonga bati na kwa sauti inayopenya sakafuni. Shika! Nimeshika! Zungusha! Ukijitia kuzungusha peke yako, nati nayo inazunguka, na utakesha hapo.

Ijumaa moja jioni tulikuwa kwenye kazi hiyo uani kwangu, Makorora, Tanga. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta alikuwa amefariki alfajiri. Alikuwa mwalimu mstaafu, Msambaa, Mlutheri, na aliwausia wanawe wamzike kwao, milimani kupita Lushoto. Tuliishi naye miaka 19. Sikukuu ya Idi alikula kwangu, Krismasi mimi na wanangu tulikula kwake, na mbuzi wake wa Krismasi alinipa mimi nimchinje, ili asiwepo wa kukaa pembeni ya sahani. Sikungoja kuombwa gari. Niliwaambia wanawe watafute mafuta tu, mengine waniachie.

Tulipokuwa tukimimina mafuta ya taa kwenye nati zilizoshika kutu, konda wangu akauliza kutoka uvunguni: "Mzee, kesho tunabeba mzigo gani?" Alikuwa amefika muda huohuo, hakuna aliyemwambia. Kwake yeye, viti vikitoka ni mzigo. Msimu wa machungwa tunavitoa kwenda Muheza. Mtu akihama tunavitoa, tunapakia kabati na jiko. Nikamjibu kwamba tunampeleka Mwalimu kwao. Kukawa kimya chini ya bati, kisha akasema taratibu: "Basi huo si mzigo." Baada ya hapo hakusema tena mpaka bolti ya mwisho.

Neno lake lilinikaa. Kama maiti si mzigo, ni nani? Abiria hawezi kuwa, maana abiria analipa nauli, anakaa kitini, anaomba kushushwa. Lugha yetu yenyewe inasitasita hapa, na sidhani inasitasita bure. Tukisema marehemu, tunasema amefika. Tukisema mwili, tunasema umefika. Jeneza limefika. Na tukifika kwenye neno maiti, watu wanagawanyika: nimesikia maiti amelazwa, nimesikia maiti imelazwa, na nimemsikia mtu mmoja akisema yote mawili ndani ya sentensi moja, msibani, bila mtu kumsahihisha. Tunaanza kumtaja kama mtu, ulimi unateleza tunamtaja kama kitu, kisha tunaona haya tunamrudisha kwenye utu. Nadhani wote waliosimama mbele ya jeneza wanaujua mtelezo huo.

Usiku ule, baada ya Isha, nilimfuata Ustadhi wa msikiti wetu. Nilikuwa na jambo lililokuwa likinisumbua na nilitaka kulisema kwa mtu mwenye elimu. Gari langu nalitumia kwa kila kitu; wakati mwingine safarini huswali humohumo ndani nikiwa nimeegesha. Sakafu hiyo ikilaziwa maiti wa asiye Mwislamu, inakuwa na najisi? Alinitazama kwa muda. Akaniambia kwamba sisi huku pwani tunafuata madhehebu ya Shafi, na katika madhehebu hayo mwanadamu hawi najisi kwa kufa, awe Mwislamu au asiwe, kwa sababu Mwenyezi Mungu katika Sura ya Al-Israa, aya ya 70, ametaja kwamba amewatukuza wanadamu, na hapo hakubagua. Kikidondoka kitu kichafu, osha kama unavyoosha uchafu wowote. Basi.

Kisha akanisimulia habari ambayo nimeisikia mara nyingi, ila usiku ule niliisikia upya. Masahaba wawili, Sahl bin Hunaif na Qays bin Sa'd, walikuwa wameketi Qadisiya, huko Iraki. Jeneza likapita, wakasimama. Wakaambiwa huyo ni mtu wa nchi hii, si wa dini yenu. Wakajibu kwamba Mtume, rehema na amani zimfikie, aliwahi kusimama kwa ajili ya jeneza, akaambiwa ni la Myahudi, naye akauliza kama huyo hakuwa nafsi. Habari hii imo katika Bukhari na Muslim.

Nilirudi nyumbani nikiifikiria. Mtume hakutoa hotuba kuhusu roho inakokwenda. Alisimama. Miguu ilitangulia, hoja ikafuata, na hata hiyo hoja ilikuja kama swali. Nimekuwa nikidhani kwamba inatakiwa kwanza nijue maiti ni nani ndipo nijue namna ya kumtendea. Siku hizi nashuku mpango huo umekaa kinyume. Mtu anajua maiti ni nani kwa namna mikono yake inavyomshika.

Na mikono ilikuwa na kazi. Tulitoa viti vitatu: viwili vya watu wawiliwawili upande wa dereva, na benchi la nyuma kabisa linalojaza upana wote. Bolti nne kila kimoja, jumla kumi na mbili. Nikafagia, nikaosha sakafu kwa sabuni, nikakausha, nikaosha tena. Nikatandika godoro jembamba na mkeka juu yake. Mtoto wa Mwalimu alileta kamba. Tukatafuta mahali pa kuifunga ili jeneza lisiteleze kwenye kona, tukakosa, mpaka konda akaonyesha yale mashimo ya bolti. Kamba ikapitishwa kwenye matundu yaleyale ya viti, ikafungwa chini. Palipomshikilia abiria siku zote pakamshikilia Mwalimu.

Mjane alipokuja kutazama alisema jambo moja tu: "Jirani, mimi nitakaa wapi?" Tulikuwa tumempangia kiti cha mbele, karibu na mimi, chenye nafasi. Akakataa. Kulikuwa na kiti cha mtu mmoja upande wa mlango, nacho konda alikuwa tayari ameanza kukilegeza ili kupatikane nafasi zaidi. Akasema, "Hicho kiacheni." Tukakikaza tena. Safari nzima alikaa hapo, goti lake likigusa ubao, na kila tulipopita mahali alimwambia jina la mahali. Segera hii. Korogwe hii, Mwalimu. Mombo tumefika. Sikuona kwamba anasema na kitu, na sikuona kwamba amechanganyikiwa. Alikuwa anamsindikiza.

Kutoka Mombo barabara inaanza kupanda kwenda Soni na Lushoto, zaidi ya kilomita 30 za kona, mwamba upande mmoja na korongo upande mwingine. Hapo nilipata mtihani wa dini kwenye pedali. Sisi tumefundishwa kuharakisha maziko, na mimi nimezoea kukimbia, ndiyo kazi. Lakini Ibn Abbas, alipohudhuria maziko ya Maimuna, mkewe Mtume, pale Sarif karibu na Maka, aliwaambia waliombeba wasilitikise jeneza, waende naye polepole. Na ipo hadithi kwamba kuuvunja mfupa wa maiti ni kama kuuvunja akiwa hai. Nikapanda kwa gia ya pili. Malori yalinipigia honi, nikayapisha. Kila tuta nililiingia tairi moja baada ya jingine, kama ninavyofanya nikibeba mama mjamzito. Tulichelewa ibada kwa muda wa kutosha, na mchungaji alipoambiwa kwa nini, alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

Tuliomboleza, tulizika, tulilala, tukarudi Jumapili usiku.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo limenifanya niandike haya yote.

Viti vyangu vitatu vilikuwa vimebaki uani chini ya mwembe siku mbili hizo. Watoto wa mtaa walivigeuza daladala. Mmoja dereva, mmoja konda anaita Muheza, Muheza, wengine wamekaa kwa adabu na nauli za majani mikononi. Walipocheza ndipo kopo la nati lilipopinduka. Jumatatu kabla ya alfajiri, tukirudisha viti kwa tochi ya simu, tulizipata nati kumi. Maduka ya vipuri yalikuwa bado. Abiria wa kwanza wanasubiri, siku mbili sijaingiza kitu. Nikaamua kiti cha kati kishikwe na bolti mbili, za mshazari, na jioni nitamalizia. Nilikitikisa kwa mkono, nikaona kimetulia.

Karibu na Pongwe mbuzi walikatiza barabara, nikakanyaga breki. Kile kiti kikanyanyuka miguu ya upande mmoja. Waliokuwa juu yake ni bibi mmoja na mjukuu wake wa miaka kama minne. Mtoto akatupwa mbele, mdomo ukapigwa na bomba la kiti kilichotangulia, ukachanika. Nilisimamisha gari. Damu ilikuwa imeanguka kwenye sakafu niliyoiosha mara mbili siku ya Ijumaa. Nikampeleka zahanati, akashonwa nyuzi mbili. Bibi yake hakunitukana. Aliuliza tu: "Baba, hivi viti hamvikagui?" Sikuwa na jibu la kumpa, na mpaka leo sijalipata.

Nimelipima jambo hili mara nyingi nikiwa kwenye foleni ya stendi. Kwa Mwalimu nilimwuliza Ustadhi, nilitandika godoro, nilipanda mlima kwa gia ya pili nikihofia mfupa usiotikisika tena. Kwa mtoto aliye hai, ambaye mifupa yake bado inakua, nilitazama saa. Kama mwanadamu ametukuzwa, utukufu huo hauanzi siku anapofungwa sanda. Kifo kinatutisha ndiyo maana kinatupa adabu. Uhai tumeuzoea, tunaukalisha popote. Na abiria ananipa kitu ambacho maiti hanipi: ananiamini. Anapanda, anakaa, hainami kutazama chini ya kiti. Hiyo ni amana, na amana katika dini yetu ni deni ambalo mwenye nalo ataulizwa hata kama mwenye haki hakudai. Yule bibi hakudai. Nilimpelekea pesa za dawa akazipokea, lakini sidhani kwamba deni lenyewe lilikuwa la pesa.

Wapo wanaoniuliza kama ninawaambia abiria kwamba hapo walipokaa palilazwa maiti. Siwaambii, na sioni kwamba nawaficha. Ardhi yote tunayoikanyaga imewalaza watu. Kile ambacho ningewajibika kuwaambia asubuhi ile, na sikuwaambia, ni kwamba nati mbili hazipo.

Mjane wa Mwalimu bado anapanda gari langu akienda Muheza kwa bintiye. Huchagua kiti kilekile cha mtu mmoja upande wa mlango. Nauli analipa, nilishajaribu kukataa akakasirika.

Mwezi uliopita tuliitwa tena, kumtoa mzee wa watu hospitalini na kumrudisha kijijini kwao. Viti vikatoka, vikarudi usiku uleule. Siku hizi nati zinakaa ndani ya soksi, soksi ndani ya mfuko wangu, na nazihesabu kwa sauti ninapomkabidhi konda, moja moja, kupitia mlangoni. Ya kumi na mbili ilipoingia aligonga bati mara mbili, ishara ya kumaliza. Nikaenda kukaa kwenye kile kiti cha kati, nikaupeleka mwili wangu wote mbele kama mtu aliyefungiwa breki, nikarudi nyuma, nikaenda mbele tena. Halafu nikamwambia arudie kukaza, kuanzia ya kwanza.