Taabu ya Hiari

Husemwa kuwa binadamu hupenda raha na kuchukia taabu. Ikiwa neno hili ni kweli tupu, kwa nini mtu mwenye nauli mfukoni huacha gari akajitesa njiani kwa miguu yake? Swali hili si geni duniani, lakini mimi lilinikuta juu ya baiskeli.

Utotoni nilipanda baiskeli ya marehemu baba, ambayo kila alfajiri aliipakia maziwa kupeleka sokoni. Nilipopata mshahara niliiacha kutu iile, nikidhani kuwa nimeagana na umaskini. Miaka ishirini ikapita. Nilipofika umri wa miaka arobaini na sita, pumzi zikiwa fupi na tumbo limetangulia, nilinunua baiskeli nyingine, nikajizoeza miezi mingi, hata nikaazimia kuuzunguka Mlima Meru kwa siku mbili, safari ya zaidi ya kilomita 100.

Mtu akiwa Arusha mjini huuona mlima umevaa kijani: migomba, kahawa na vijito. Hudhani kuwa ndivyo ulivyo pande zote. Nilipopita Ngaramtoni na Oldonyo Sambu, nikageukia mashariki kwa njia ya udongo, mlima ulivua joho lake. Kaskazini mvua ni haba, kwa kuwa pepo huwa zimekwisha kutua mzigo wao kusini. Magurudumu yalizama vumbini. Nikashuka, nikasukuma, na moyoni nikajiona shujaa.

Hapo nilikutana na mzee akisukuma baiskeli yenye matenga mawili ya nyanya.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nani amekutuma na jua hili?"

"Sikutumwa, mzee. Nimejituma."

Alicheka kwa adabu. "Heri yako. Mimi nimetumwa na mkubwa asiyesikia udhuru: tumbo."

Ushujaa wangu ulinyauka. Njia ilikuwa moja, jua moja, na baiskeli mbili. Walakini taabu yangu ingesimuliwa kwa sifa, na yake isingetajwa na mtu. Je, taabu ya hiari si mchezo wa walioshiba?

Nilipokaribia Ngare Nanyuki swali lilizidi uzito. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa huko Wameru wapatao 3,000 kwa nguvu, ili ardhi wapewe walowezi wa Kizungu. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alikwenda New York kuwatetea mbele ya Umoja wa Mataifa. Wazee, akina mama na watoto waliifuata njia wasiyoichagua, wala hapana aliyewangoja mwishoni kuwapongeza.

Nilitaka kuiacha baiskeli kwa aibu. Lakini aibu yangu isingepunguza hata nyanya moja katika mzigo wa mzee yule. Nadhani taabu ya hiari haina fahari kwa nafsi yake. Ni kama saumu: tajiri hafungi ili asifiwe kwa njaa, bali aijue njaa. Hata hivyo mfungaji anajua kuwa jua litatua na futari iko tayari. Mwenye njaa ya kweli hajui. Basi asiseme kuwa wamekuwa sawa. Aseme tu kuwa ameonja, na kuwa aliyeonja ana deni kuliko asiyejua. Taabu ya hiari isiyotufundisha kuiheshimu taabu ya lazima ni majivuno yenye jasho.

Siku ya pili nilishuka kwa Momella hadi Usa River, nikapita Tengeru, nikaingia mjini jioni. Jirani zangu walinipokea kwa vicheko na mikono: "Hongera, mwalimu! Hongera!"

Niliipokea, kwa maana kuikataa ni utovu wa adabu. Lakini usiku sikupata usingizi upesi. Baba yangu alipanda baiskeli miaka thelathini, mvua na jua, na kwa maziwa yale mimi nikasoma. Wala sikupata hata siku moja kumwambia neno lile.