Ufunguo wa Ghorofa ya Tisa

Ndugu zangu waumini! Nawausia, nami najiusia kabla yenu, kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri, na hasa pale ambapo mtu yuko chini ya mkono wako na hana wa kumtetea.

Leo nitawapeleka mbali, New York, Marekani, Jumamosi ya tarehe 25 Machi 1911. Miaka ile viwanda vya Marekani vilikuwa vinatajirisha watu kwa kasi ambayo dunia ilikuwa haijapata kuiona, na wale walioushona utajiri huo walikuwa wamebanana kwenye vyumba vya kupanga. Ni alasiri, saa kumi na dakika arobaini hivi. Ghorofa ya 8, ya 9 na ya 10 za jengo moja zina kiwanda cha Triangle, kinachoshona blauzi za kike. Wafanyakazi ni kama 500, wengi wao mabinti wa Kiyahudi na wa Kitaliano waliovuka bahari kutafuta riziki, na wapo wenye miaka 14. Wamekaa bega kwa bega kwenye meza ndefu za vyerehani. Ni siku ya mshahara, na kazi inakaribia kwisha.

Moto ulianza ghorofa ya 8, kwenye vipande vya vitambaa vilivyorundikwa chini ya meza ya kukatia. Pamba nyepesi ile ilishika mara moja. Wa ghorofa ya 8 wakapiga simu ghorofa ya 10, kwenye ofisi za matajiri wenye kiwanda, na matajiri hao wakapanda paani wakaokoka. Ghorofa ya 9 hakuna aliyeipigia. Waliposhtuka, moto ulishawafikia. Baadhi wakakimbilia mlango wa upande wa Washington Place, wakaukuta umefungwa kwa ufunguo, na aliyekuwa na ufunguo ameshaondoka.

Tusimame kidogo hapo mlangoni, maana ndipo penye mawaidha ya leo. Mlango ule ulifungwa ili jioni wafanyakazi wote wapitie upande mmoja, mikoba yao ifunguliwe mmoja mmoja, aonekane nani kaficha kipande cha lesi. Kesi ilipofika mahakamani, mmoja wa matajiri aliulizwa wizi huo uliwatia hasara kiasi gani. Kwa maelezo yake mwenyewe haikuzidi dola 25. Kwa ajili ya dola 25 watoto wa watu walifungiwa.

Ngazi ya chuma ya nje ilijipinda ikaanguka na watu wakiwa juu yake. Ngazi za zimamoto ziliishia ghorofa ya 6. Mabinti wakatoka kwenye kingo za madirisha, moto uko mgongoni, na wapo walioshikana mikono wakaruka pamoja. Kijana wa lifti, Mtaliano aitwaye Joseph Zito, alipanda na kushuka tena na tena akiwajaza wenzake kwenye kile kisanduku, mpaka lifti ikashindwa kupanda. Yeye naye alikuwa kibarua tu, na mlango wa kutokea aliujua. Haikupita nusu saa, watu 146 wakawa wamekufa au wanakata roho. Jengo lenyewe lilisalimika, na lipo hadi leo.

Mtu anaweza kusema: hiyo ni kadari. Sisi tunaiamini kadari, ya heri na ya shari. Lakini msiifanye kadari kuwa shuka la kufunikia dhulma. Miezi 16 kabla ya moto ule, Novemba 1909, mshonaji mmoja wa miaka 23, Clara Lemlich, aliyekuwa ameshapigwa hadi kuvunjwa mbavu kwa kugoma, alisimama kwenye ukumbi uliojaa watu. Wakubwa walikuwa wameshazungumza kwa muda mrefu. Yeye akasema kwa lugha ya kwao kwamba amechoshwa na hotuba, wagome. Wakatoka zaidi ya 20,000. Walidai mshahara na saa za kazi zinazovumilika, na miongoni mwa madai yao yalikuwemo ngazi za kuokolea na milango isiyofungwa. Walipigwa, wakakamatwa, na wapo waliofungwa. Viwanda vingi vilikubaliana nao. Triangle walikataa kukitambua chama chao. Kwa hiyo habari za mlango ule zilikuwa zimeshasemwa, kwa sauti, barabarani, kwenye baridi.

Na haki ya duniani? Desemba 1911 matajiri wawili waliachiwa huru, kwa kuwa haikuthibitika mbele ya baraza la wazee kwamba saa ile walijua mlango umefungwa. Bima iliwalipa kiasi kinachokaribia dola 400 kwa kila roho iliyopotea, juu ya hasara waliyoweza kuithibitisha. Mwaka 1914 familia zilizokuwa zimeshtaki zilipata dola 75 kwa kila maiti. Na katikati hapo, mwaka 1913, mmoja wa matajiri hao alikutwa amefunga mlango mwingine, wa kiwanda kingine. Akatozwa faini ya dola 20.

Nikifika hapo huikumbuka Suratul-Mutaffifin, kwa wale wanaojipimia kamili na kuwapunguzia wengine. Tumezoea kuifikiria kwa mizani ya sukari na pishi ya mchele. Lakini dola 400 kwa tajiri na dola 75 kwa mama aliyezika binti, hiyo nayo ni mizani. Mtume, rehema na amani zimshukie, ametufundisha kwamba walio chini ya mikono yetu ni ndugu zetu, na ametuonya kwamba mwenye kumtumikisha kibarua kisha akamnyima haki yake, atamkuta Mola mwenyewe ndiye mdai wake. Huko hakuna baraza la wazee, wala wakili wa kukodi.

Wapo waliouona moto ule wakakataa kuishia kwenye machozi. Frances Perkins, mwanamke aliyekuwa akinywa chai nyumba ya jirani, alikimbia akafika, akawaona wakianguka. Alishiriki kazi ya tume iliyoingia viwandani New York, ikakagua ngazi, vyoo, milango na umri wa watoto. Zikapatikana sheria zaidi ya 30, mojawapo ikiwa kwamba mlango wa kiwanda usifungwe watu wakiwa kazini. Mwaka 1933 akawa waziri wa kazi wa Marekani, mwanamke wa kwanza kuingia baraza la mawaziri la nchi ile. Imani yake si yetu. Lakini kuondoa madhara njiani ni katika mafundisho yetu, naye aliyaondoa.

Sasa nirudi kwangu, maana nimesema najiusia. Mtaani kwetu lipo duka ambalo vijana wawili hulala ndani kulinda mali, na usiku kufuli hutiwa kwa nje. Tajiri huenda na ufunguo nyumbani, anachelea wasije wakatoa bidhaa usiku. Nimelipita kufuli lile nikienda swala ya Alfajiri kwa zaidi ya mwaka. Asubuhi moja nilisikia mmoja wao akikohoa ndani, nikatoa salamu, akaniitikia kupitia upenyo wa mlango, nikaendelea na safari yangu. Sikuutumia mkono wangu wala ulimi wangu, na moyo nao nilikuwa nimeuzoesha.

Tajiri yule ni ndugu yetu, husali nasi, na si mtu mbaya. Leo baada ya Isha nitamwendea nyumbani kwake, kwa adabu na kwa faragha, nimwombe ufunguo wa pili ukae ndani kwa vijana. Nahitaji wazee wawili wa kufuatana nami. Aliye tayari anisubiri hapo penye viatu.