Mfungwa wa Vita Naye Asikilizwe

Kila mwaka tarehe 27 Februari watu wa mkoa wetu wa Ruvuma hukusanyika Songea kuwakumbuka mashujaa wa Majimaji walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Zaidi ya watu 60 walizikwa katika kaburi moja. Nduna Songea Mbano ana kaburi lake peke yake, na fuvu lake linatafutwa mpaka leo. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika mahali hapo akaomba msamaha.

Kanisa lina sehemu yake katika habari hiyo. Mwaka 1905 Askofu Cassian Spiss na wenzake waliuawa, na misheni ya Peramiho ikachomwa moto. Hata hivyo padri Mbenediktini aliingia gerezani Songea, akakaa na watu waliongoja kunyongwa, na wengi wao wakabatizwa. Tunamshukuru Mungu kwa ubatizo ule. Lakini tunabaki na swali zito. Aliyewapa maji ya uzima alipatikana. Je, aliyesimama kuwatetea mbele ya hukumu alikuwa nani? Waliowahukumu ni watu wa jeshi lile lile lililopigana nao. Mkamataji ndiye aliyekuwa mshtaki, na ndiye aliyekuwa hakimu.

Swali hilo halikuishia mwaka 1906. Kila vita hukamata watu, na kila mara husemwa kwamba wakati wa hatari hakuna nafasi ya kesi. Sisi tunaoamini tunasema kwamba wakati wa hatari ndipo kesi inapohitajika zaidi.

Sisi wa mwambao wa Nyasa tunalielewa jambo hili kwa urahisi, maana tunaijua kazi ya wavu. Wavu hauchagui. Unavuta samaki, majani na takataka kwa pamoja. Ndiyo maana katika mfano wa Bwana wetu (Mathayo 13) wavuvi wanauvuta wavu pwani, kisha wanaketi na kuchagua. Vita ni wavu. Askari anayekamata watu usiku, mwenye hofu na uchovu, hawezi kujua nani ni mpiganaji, nani alilazimishwa kubeba mizigo, na nani alisingiziwa na jirani mwenye kinyongo cha shamba. Lazima pawepo mahali pa kuketi na kuchagua, na mahali hapo ni mahakama.

Maandiko yanatufundisha hivyo. Nikodemo aliwauliza wakuu wenzake kama torati yao inamhukumu mtu kabla ya kumsikiliza (Yohane 7). Hata Festo, liwali wa Kirumi asiyemjua Kristo, alikataa kumtoa Paulo kabla hajaonana uso kwa uso na washtaki wake na kupewa nafasi ya kujitetea (Matendo 25). Na Bwana wetu mwenyewe, alipopigwa kofi mbele ya kuhani mkuu, alitaka ubaya wake ushuhudiwe kwanza. Tukumbuke pia hoja ya Kayafa: ni heri mtu mmoja afe kuliko taifa zima liangamie. Hiyo ndiyo hoja ya usalama wa taifa, na kwa hoja hiyo alisulubiwa asiye na hatia.

Mtanzania mwenzetu, Suleiman Abdallah Salim, aliyekuwa mvuvi, alikamatwa Mogadishu mwaka 2003 na kutiwa mikononi mwa Wamarekani. Alipelekwa Afghanistan, akafungwa gizani na kuteswa, kisha akashikiliwa katika kambi ya Bagram. Hakufikishwa mbele ya hakimu yeyote. Mwaka 2008 aliachiliwa akiwa na karatasi isemayo kwamba si tishio kwa Marekani. Miaka mitano iliishia katika karatasi moja! Baadaye yeye na wenzake waliwashtaki wanasaikolojia wawili waliobuni mateso hayo, na shauri likamalizwa kwa maelewano mwaka 2017. Angesikilizwa mapema, je, ingehitajika miaka mitano kuujua ukweli?

Wako watakaosema: na wale waliouawa, nani anawalilia? Swali ni la haki. Tarehe 7 Agosti 1998 mabomu yalilipuka katika balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam. Watu zaidi ya 200 walikufa Nairobi, na 11 Dar es Salaam. Damu yao inadai haki. Lakini tutazame kilichotokea kwa Mtanzania mwingine, Ahmed Khalfan Ghailani, aliyeshtakiwa kwa mashambulio hayo. Alikamatwa Pakistan mwaka 2004, akafichwa katika magereza ya siri, kisha akapelekwa Guantanamo. Alipofikishwa hatimaye mbele ya mahakama ya kiraia New York, jaji alimkataa shahidi muhimu wa serikali, kwa kuwa serikali ilimjua kupitia maneno aliyolazimishwa mshtakiwa kizuizini. Mwaka 2010 aliondolewa mashtaka 284 kati ya 285. Kwa lile moja lililobaki alifungwa maisha. Hapo tunaona mambo mawili: mahakama inaweza kumtia hatiani mtu wa namna hiyo, na mateso huharibu hata ushahidi ambao wafiwa walikuwa wanautegemea.

Nasi tusidhani mambo haya yako mbali. Vita vya Cabo Delgado, ng'ambo ya mto Ruvuma, vilianza mwaka 2017, na Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, Mtwara, kilishambuliwa. Vijana wa mpakani wanaweza kukamatwa upande huu au ule. Tena nchi yetu inayo kumbukumbu yake. Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini ya mwaka 1962 ilimpa Rais uwezo wa kumshikilia mtu bila kesi, na Tume ya Jaji Nyalali iliitaja miongoni mwa sheria 40 zinazokandamiza.

Katiba yetu imetuwekea msingi mzuri. Ibara ya 13(6) inataka kila mtu asikilizwe kwa ukamilifu, asitendewe kama mkosaji kabla ya kuthibitika, na asiteswe. Ibara ya 31 inaruhusu sheria za wakati wa hatari kugusa ibara ya 14 na ya 15, lakini haikuitaja ibara ya 13. Katekisimu nayo, namba 2313, inataka wafungwa wa vita waheshimiwe na kutendewa kwa utu.

Kwa hiyo tunawaomba wabunge wetu, hasa wa mkoa huu wenye kaburi lile, wailinde haki hiyo katika kila sheria ya ulinzi na ugaidi itakayoletwa Dodoma. Kila aliyekamatwa afikishwe mbele ya hakimu ndani ya siku zilizotajwa na sheria. Aelezwe kosa lake kwa lugha anayoielewa, na apate wakili. Ndugu zake waambiwe alipo. Maneno yaliyotolewa kwa mateso yasipokelewe. Asikabidhiwe kwa nchi nyingine kabla mahakama yetu haijamsikiliza.

Nasi waumini tuna wajibu wetu. Mbunge anapofika kijijini tunamwuliza habari za barabara, maji na bei ya kahawa. Tumwulize na hili. Katika sala za waamini tuwaombee waliouawa na wafiwa wao, pia waliofungwa bila kesi, tukitaja wote pamoja. Bwana alisema kwamba aliyekuwa kifungoni alikuwa yeye, wala hakuongeza sharti kwamba mfungwa huyo awe kwanza amethibitika kuwa mwema.