Hatia ya Ajidanganyaye

Mtu adanganyaye wenziwe hulaumiwa na wote. Lakini aidanganyaye nafsi yake atashtakiwa na nani, ikiwa mshtaki, mshtakiwa na shahidi ni yeye yule?

Swali hili limo katika Memento, filamu ya upelelezi aliyoiongoza Christopher Nolan mwaka 2000. Leonard Shelby, aliyekuwa mchunguzi wa madai ya bima, humsaka mtu ambaye kwa imani yake alimwua mkewe. Jeraha la kichwa limemnyima kumbukumbu mpya; alionalo sasa hulisahau punde. Basi hutegemea picha, vikaratasi, na maneno aliyochanjwa mwilini kwa wino. Filamu huanza na kifo cha Teddy, kisha hurudi nyuma, na mtazamaji humwamini Leonard, kwa kuwa katika hadithi za namna hii mpelelezi ndiye jicho la wote. Dar es Salaam yaujua utegemezi huo: katika vibanda vya video, asiyejua lugha ya kigeni aliifuata hadithi kwa kinywa cha mfasiri kama Lufufu.

Mwishoni jicho lile laonekana lina walakini. Teddy, ajitambulishaye kuwa polisi, amemwambia Leonard kwamba kisasi kilikwisha lipwa. Huenda Teddy asema uongo. Lakini Leonard hachunguzi. Huandika namba ya gari la Teddy kuwa ushahidi, hali ajua kwamba atasahau, kisha ataamini.

Mtetezi atasema kwamba aliyeua hakujua. Neno hili lina uzito, walakini halitoshi. Mfanyabiashara wa Kariakoo aandikaye deni la uongo daftarini, akaja akasahau, aweza kumdai mteja mwakani kwa moyo mweupe. Moyo huo haumrudishii mteja fedha zake. Kosa halikuanza siku ya kudai, bali siku ya kalamu. Na ugonjwa haukumnyima Leonard hiari ya dakika ile aliyoishika kalamu.

Wenye kumbukumbu timamu hufanya vivyo hivyo polepole, wakirudia habari iwapendezayo hata ikawa kweli machoni pao. Hao hawana hata udhuru wa jeraha. Aliyekwisha sahau uongo wake hawezi kuungama asichokikumbuka. Lakini aweza kukubali daftari lake likaguliwe na mwingine, hasa ukurasa ule umfaidiao.